Kuazima si Utumwa

Miongoni mwa wapenzi wa programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, wamo wanaoshikilia kwamba mfumo endeshi huria usiige chochote kutoka mifumo ya makampuni ya biashara. Wanatukumbusha kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wameiweka mahali pasipo pake. Sisi tunasema kuazima ni haki, na mara nyingine ni wajibu. Ila mwenye kuazima sharti ajue achukue nini na aache nini.

Kwanza, hiyo asili wanayoitetea ni ipi? Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU, alikusudia kuunda mfumo unaofanana na Unix, mali ya kampuni ya AT&T. Linus Torvalds wa Finland, alipoitoa Linux mwaka 1991, alifuata njia hiyo hiyo. Wala makampuni yenyewe hayakuzaliwa na vyao. Madirisha na kipanya vilitumika katika maabara ya Xerox katika miaka ya 1970. Apple ikavichukua, Microsoft nayo ikafuata, hata Apple ikaishtaki Microsoft mwaka 1988 na kushindwa. Ikiwa matajiri huazimana, kwa nini maskini aone haya?

Pili, tutazame kwetu. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo aliyejifunza kompyuta kwa Windows hana nafasi ya kuanza upya. Akiketi mbele ya mfumo huria akakuta menyu na vitufe mahali alipozoea, kazi itaendelea siku hiyo hiyo. Asipovikuta, atauacha, naye atarudi kwa mwenye leseni. Jambo hili si dogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11. Shule yenye kompyuta za namna hiyo itazitupa na kununua mpya, au itazitumia bila kinga, au itaziwekea mfumo huria. Njia ya mwisho ndiyo ya kujitegemea, lakini nani ataipita ikiwa waliyoichonga wanajivunia ugumu wake?

Hata hivyo hatusemi kila kitu kiigwe. Mwaka 2012 mfumo wa Ubuntu, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu, uliiga tabia ya kichuuzi. Mtu alipotafuta faili lake mwenyewe, maneno aliyoyaandika yalipelekwa nje, naye akaletewa bidhaa za Amazon. Watumiaji walilalamika, Stallman akaipinga hadharani, na mwaka 2016 tabia hiyo ikaacha kuwashwa yenyewe. Huo ndio utumwa tunaoukataa. Kitufe kinachorahisisha kazi kiazimwe. Mtego unaompeleleza mtu, au unaoyafungia maandishi yake yasisomeke kwingine, uachwe huko huko.

Wafuga nyuki wa Kibondo wanaijua busara hii. Mzinga wa gogo ni urithi. Mzinga wa kisasa wa mbao umetoka nje. Wenye kuuchukua wameuchukua kwa sababu hufunguka, na asali hurinwa bila kuharibu masega yote. Lakini hawakumkabidhi seremala nyuki wala msitu.

Programu ya OpenOffice nayo ilifanana sana na programu za ofisi za kibiashara. Lakini kwa kuwa ilikuwa huria, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliitafsiri ikawa Jambo OpenOffice, pasipo kungoja hisani ya mwenye mali.

Mwaka 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga, na kwamba kujifunza si kuacha chako. Walimu na wanafunzi, kipimo ni hicho. Mkiletewa mfumo wowote, msiulize kwanza umefanana na wa nani. Ulizeni: je, tunaweza kuufungua, kuurekebisha, na kuuandika kwa Kiswahili?