Mpiga mbiu asiondoke na ufunguo wa duka

Wazee wetu wametuachia misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili unasema biashara matangazo. Kwa miaka mingi wenye maduka wa Matrah walikuwa watu wa msemo wa kwanza. Aliyetaka ubani, udi, kofia ya mkono au hanjari ya fedha alijua njia, na kama hajui, pua ilimfikisha. Soko lenyewe liliitwa Suq al-Dhalam, Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake vimebanana mno hata jua halipenyi. Na gizani humo humo wateja walifika.

Siku hizi kuna kazi mpya imeingia. Vijana, na baadhi yao ni watoto wetu wenyewe, wanapita duka kwa duka na simu mkononi. “Ami, duka lako halionekani kwenye intaneti. Unapoteza wateja kila siku. Nilipe kwa mwezi, mimi nitakutangaza.” Ami anamtazama, anaitazama simu, hajui aseme nini. Akikataa anahofu kuachwa nyuma. Akikubali hajui khasa ananunua kitu gani.

Mimi nasema kazi hii ni ya halali na inahitajika. Lakini namna inavyouzwa mara nyingi ina kasoro mbili kubwa: mwenye duka anauziwa kitu ambacho hakiuziki, na huku kilicho chake kinaondoka mikononi mwake bila kujua. Tuyazungumze yote mawili, maana walioko pande zote mbili za meza ni jamaa zetu.

Kwanza tukubali kwamba nyakati zimegeuka. Bandari ya Sultan Qaboos hapa Matrah ilikuwa ya mizigo, na mizigo ilileta mabaharia, wachukuzi, makarani na wenye magari. Mwaka 2014 shughuli za mizigo zikahamishiwa Sohar, na bandari yetu ikaachiwa utalii. Sasa wanaoteremka ni abiria wa meli kubwa, zaidi katika miezi ya baridi, tangu Oktoba hadi Aprili hivi. Watu hawa wana saa chache tu kabla ya meli kuondoka. Hawana shangazi wa kuwaelekeza duka. Wanaifungua simu, wanatafuta, wanakwenda pale simu inapowaambia. Na hata sisi wenyeji tumekuwa hivyo hivyo: kijana wa Seeb au Al Khoud hashuki Matrah kutafuta bila kwanza kuuliza simu kama duka limefunguliwa.

Kwa hiyo sisemi “achaneni na intaneti”. Mwenye duka ambaye hayumo kwenye ramani ya simu ni kama aliyefungua duka kichochoroni bila kibao. Suala langu ni nani anatundika kibao, kwa bei gani, na kibao ni cha nani.

Hebu tuanze na kisichouzika. Kuliweka duka kwenye ramani ya Google hakuna malipo. Unaandika jina, mahali, saa za kufungua, nambari ya simu, unatia picha, Google inahakikisha kweli duka ni lako, basi. WhatsApp ya biashara iliyotoka mwaka 2018 nayo ni programu ya bure, na ndani yake unaweza kupanga bidhaa zako na picha zake kama rafu ya duka. Kijana akikutoza kwa kazi ya kukujazia haya, sawa, huo ni ujira wa mkono wake kama fundi anayekutundikia taa. Lakini akikwambia Google ndiyo inayotaka ada ili duka lisifutwe, huyo anakudanganya mchana kweupe.

La pili ni ile ahadi ya “nitakupandisha uwe wa kwanza”. Wallahi ahadi hii imeuzwa mno! Google yenyewe imeeleza wazi kwamba mpangilio wa maduka kwenye ramani hautokani na malipo. Inaangalia duka linahusiana vipi na kile kinachotafutwa, liko umbali gani na anayetafuta, na linajulikana kiasi gani. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huandikwa kabisa kwamba ni tangazo. Pesa zikisita, tangazo linasita. Basi anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa mwaka mzima anakuuzia upepo wa bahari, na upepo hauna mwenyewe.

La tatu ni wafuasi na nyota za kununua. Ukurasa wa Instagram wa duka la vikombe vya kahawa unaamka asubuhi na wafuasi elfu kumi. Ni nani hao? Hakuna hata mmoja atakayekuja kununua kikombe, maana wengi wao si watu. Vile vile maoni ya kutungwa, eti “duka bora, bei nzuri, nyota tano”, yameandikwa na mtu ambaye hajatia mguu Matrah. Google inayakataza na inayafuta ikiyagundua. Marekani tangu Oktoba 2024 ina kanuni ya serikali inayoruhusu kumtoza faini anayeyanunua au kuyauza. Na sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja Marekani. Fiqhi ya biashara inalijua jambo hili kwa jina la najash: mtu anapandisha bei mnadani na hana nia ya kununua, ili mwengine ahadaike. Limekatazwa tangu enzi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Nyota ya kununua ni najash iliyovaa nguo mpya.

Sasa nije kwenye kasoro ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: ufunguo.

Katika miji yetu ya mwambao, zamani palipokuwa na tangazo, mbiu ilipigwa. La mgambo likilia kuna jambo. Mpiga mbiu alizunguka mitaa, akasema alilotumwa, akalipwa, akenda zake. Hakuondoka na mlango wa mtu mfukoni. Mpiga mbiu wa leo anaondoka nao, na mwenye nyumba hana habari.

Nina jirani yangu, mama mtu mzima, anayeshona kofia na, ukifika mwezi wa Ramadhani, anapika sambusa na mikate ya kumimina kwa oda. Watu wa ofisi moja ya matangazo, jina nitaliacha, walimfungulia ukurasa. Picha zilikuwa nzuri, siwezi kuwadhulumu kwa hilo. Wateja wakaongezeka, wengine hadi Sur na Nizwa. Baada ya mwaka na kitu akaona malipo yamemzidi, akasema basi, nitaendelea mwenyewe kidogo kidogo. Ndipo akajua kwamba ukurasa umefunguliwa kwa barua pepe yao, nambari ya simu iliyosajiliwa ni yao, na neno la siri wanalo wao. Jina la juu lilikuwa lake, lakini kila kilicho chini ya jina kilikuwa chao. Ukurasa ukafungwa, na wateja wa mwaka mzima wakapotea na ukurasa. Wale wa Sur hadi leo wanadhani ameacha kushona.

Tazameni uzito wake. Mtu akikuibia kofia kumi, utashona nyengine kumi. Akikuibia njia ya wateja kukufikia, utashona umuuzie nani?

Na dawa yake wala si ghali. Google inatofautisha mwenye duka na msimamizi. Mwenye duka anafungua kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha anamwongeza kijana kuwa msimamizi. Kijana anafanya kazi yote, anatia picha, anajibu maswali. Siku wakiachana, mwenye duka anamtoa kwa kubonyeza mara chache, na duka linabaki. Kurasa za biashara za Facebook nazo zina utaratibu wa kumpa mtu kazi bila kumpa umiliki. Mwenye duka asiyejua kutumia barua pepe anaye mwanawe au mjukuu. Mwanao akae na neno la siri, si mpita njia.

Nilisoma, na baadaye nikasomesha, katika skuli ya sekondari ya misheni huko mwambao. Mapadri wale walikuwa na ugonjwa mmoja mzuri: daftari. Kila senti iliyoingia ina mstari wake na kila senti iliyotoka ina mstari wake, na mwanafunzi asiyelinganisha pande mbili hatoki darasani. Waswahili tulikuwa tumeshalisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari, lakini kulisema ni kitu kimoja na kulifanya ni chengine.

Basi na tufanye hesabu ya darasa la tano. Tuseme muuza kofia analipa riali 60 kwa mwezi ili atangazwe. Tuseme kila kofia inamwachia faida ya riali 4. Anahitaji kuuza kofia 15 za ziada kila mwezi, nje ya zile alizokuwa akiuza kabla, ili tu arejeshe alicholipa. Ya 16 ndiyo inayoanza kumpa faida. Je, anauza hizo 16? Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia ahesabu. Kijana anamletea karatasi yenye maelfu: watu elfu nane wameona, mia tano wamependa. Kuona si kununua, ndugu zangu. Wangapi wanapita mbele ya duka kila jioni wakiangalia na kwenda zao?

Hesabu ya kweli ni hii. Weka daftari dogo karibu na sanduku la pesa. Kila mteja mgeni, muulize kwa upole, “Umetujuaje?” Akisema simu, chora mstari. Ramani ya Google nayo inamwonesha mwenye duka ni wangapi wamebonyeza kupiga simu na wangapi wameomba njia ya kufika. Mwisho wa mwezi linganisha. Na kabla ya kulipa, mtake kijana aandike mbali mbali: hizi zimekwenda kwa kampuni ya tangazo, hizi ni ujira wangu. Wengine wanachanganya pesa zote kwenye kikapu kimoja, na huwezi kujua kama riali 50 zimekwenda kwenye tangazo au riali 5. Na mkataba uwe wa mwezi kwa mwezi, kwa lugha unayoisoma mwenyewe.

Nyinyi vijana mnaouza kazi hii, msinune. Sikuandika kuwavunjia riziki. Nataka mjue kwamba mna rasilmali ambayo makampuni makubwa hayana, na hamuiuzi. Mnasema Kiarabu, mnasema Kiswahili, mnasema Kiingereza. Mnajua kwamba bibi harusi wa Unguja anataka udi na mafuta mazuri kutoka Maskati, kwamba mzee wa Mombasa anataka kofia na hanjari, kwamba halua ya Oman ina wenyewe hadi Dar es Salaam. Nani atamwandikia mwenye duka wa Matrah tangazo la Kiswahili kinachoeleweka Darajani, ajibu ujumbe wa sauti kwa adabu ya kwetu, na aeleze mzigo utafikaje? Ni nyinyi. Badala yake mnanakili Kiingereza kutoka kwengineko, mnatia picha ya mtu asiyefanana na sisi, mnasema mmetangaza.

Uzeni mnachoweza kukitimiza. Picha safi ya bidhaa yenyewe. Saa za kufungua zilizo sahihi, pamoja na za Ramadhani. Majibu ya haraka kwa wanaouliza. Mfundisheni mwenye duka afanye mwenyewe yale madogo, na msiogope kwamba akijua atawaacha. Mwanafunzi niliyemfundisha akaelewa ndiye aliyeniletea mdogo wake.

Na muwe na haya na simu za watu. Kununua orodha ya nambari na kuwamwagia matangazo usiku na mchana si biashara. Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Kisultani nambari 6 ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Februari 2023, nayo inataka ridhaa ya mtu kabla ya kumtumia matangazo. Kumbukeni ni mwenye duka ndiye ambaye jina lake litachukiwa, na pengine kushitakiwa, kwa ujumbe mliotuma nyinyi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Nyumba nyingi zetu zina mama anayepika, dada anayepiga hina, shangazi anayeshona, na ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna kijana anayeshinda na simu hadi alfajiri. Mwambieni leo usiku akae na shangazi yake nusu saa. Waangalie barua pepe ni ya nani, nambari iliyosajiliwa ni ya nani, neno la siri limeandikwa wapi. Kama ufunguo uko kwa mtu wa nje, uombwe kwa uzuri sasa, wakati bado mnapatana. Siku ya ugomvi hautapatikana.