Udongo wetu uko Malindi

Wasee, kila mvua kubwa ikinyesha huwa naona ile video: bahari ya Malindi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na watu kwa komenti wanalia eti watalii watakimbia. Mimi naitazama nikiwa Matinyani. Hilo ni shamba la mtu linaelea.

Sawa, Tiva, mto wa huku kwetu, mara nyingi huishia mchangani kabla ya kuonja chumvi. Lakini Athi, ule unaotenga Kitui na Makueni, unafika. Unabadilisha jina njiani, Galana, kisha Sabaki, halafu unamwaga mzigo wa Ukambani kaskazini mwa Malindi.

Na ushahidi uko. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 wanasayansi walichapisha walichosoma ndani ya tumbawe moja la Malindi lenye miaka 300 hivi. Kati ya 1700 na 1900, udongo kutoka Sabaki ulikuwa karibu kiwango kilekile. Baada ya 1900 ukaanza kupanda, watu walivyozidi kubanana kwa ardhi. Kati ya 1974 na 1980 ukafika mara tano hadi kumi ya kawaida. Kwa nini wakati huo? Ukame mkali, kisha mafuriko. Ukame ndio hupakia lori, manze. Mvua inaliendesha tu.

Kule chini tope linatulia, mikoko inashika, ndege wanakuja. Mchanga unapeperushwa na upepo hadi unakuwa vilima vya Mambrui. Ufuo wa Malindi umesogea kuelekea baharini, na matumbawe yanakosa mwanga. Kwa hivyo kuna ardhi inazaliwa huko, na siwezi kusema yote ni mabaya. Ila mtaji ni wetu.

Sasa ongeza Bwawa la Thwake, linalojengwa pale Thwake inapokutana na Athi. Tana ina Masinga tangu 1981, na Masinga hunasa tope. Thwake nayo itanasa. Mimi nalitaka hilo bwawa, tuna kiu. Lakini tope likibaki Makueni, mawimbi ya Mambrui yatakula nini? Na miteremko ikibaki uchi, bwawa lenyewe litajaa matope.

Ndio maana kampeni za kupanda mikoko Kilifi, na tisheti mpya na droni, huniudhi kidogo. Pandeni, sawa. Lakini matuta ya fanya juu, yale nyanya zetu walichimba kwa mwethya bila kamera, nani anayalipia? Makueni angalau ilipitisha sheria ya mchanga mwaka 2015, maana lori likichota mchanga wa mto, kingo huporomoka na maji ya chini hukauka.

Ukishea ile video tena, tagi MCA wako wa Ukambani pia, si gavana wa Kilifi pekee. Muulize bajeti ya matuta mwaka huu ni ngapi, halafu nitumieni majibu nitayaposti.