Filamu ya Ushirika ni ya Nani?

Wataalamu wa senema wa Ulaya husifu sana filamu alizotengeneza Jean Rouch pamoja na marafiki zake wa Niger. Mfaransa huyo alifika Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara na madaraja, akajuana na Damouré Zika, na urafiki wao ukazaa filamu zisizo na mchezo ulioandikwa: kila mmoja alijitungia maneno yake. Huo, tunaambiwa, ndio ushirikiano.

Nimeitazama "Jaguar" zaidi ya mara moja, na kila mara nimebakia mlangoni. Ilianza kupigwa mwaka 1954, ikakamilika 1967. Vijana watatu, Damouré, Lam na Illo, wanatoka Niger kwenda kutafuta kazi Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Mmoja anauza nguo sokoni Kumasi, mwingine anakuwa karani wa mbao mjini Accra, wa tatu anabeba mizigo bandarini. Kamera ile haikunasa sauti. Baadaye wachezaji waliketi mbele ya picha zao wakazisemea papo kwa papo. Kwa hakika ni jambo zuri kulisikia likielezwa. Lakini ukiisikiliza filamu yenyewe, ndugu msomaji, unasikia mizaha ya watu waliokwisha kuzoeana: wanachekeana, wanakatizana, nawe ni mgeni uliyeingia barazani utani ukiwa umekolea. Tena wanatania kwa Kifaransa! Jamaa zao waliobaki kijijini walikusudiwa waelewe nini?

Sembène Ousmane wa Senegal alimwambia Rouch ana kwa ana, mwaka 1965, kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Hapo siafikiani naye kabisa, maana mdudu hapewi nafasi ya kujisimulia. Hata hivyo, lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Kucheka pamoja wakati wa kupiga picha ni jambo moja. Kushika mkasi na kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe ni jambo jingine. Na jina linalotajwa duniani kila filamu hizo zinapotajwa ni la Rouch.

Hali ni tofauti kidogo katika "Moi, un noir", iliyopigwa Abidjan, mtaa wa Treichville, ikapata tuzo ya Louis Delluc mwaka 1958. Mchezaji wake mkuu, Oumarou Ganda, anacheza kama kibarua aliyejipachika jina la Edward G. Robinson, mchezaji wa Marekani. Mizaha ipo humo pia. Lakini mwishoni Ganda, aliyekuwa askari wa Ufaransa katika vita vya Indochina, anaisimulia vita hiyo kwa mwili mzima, akijitupa chini na kuinuka. Utani umekatika, na kwa mara ya kwanza nahisi kwamba ninaambiwa mimi.

Ganda hakuridhika na namna alivyoonyeshwa humo. Akaishika kamera mwenyewe, na mwaka 1968 akatengeneza "Cabascabo": askari anarudi nyumbani kutoka Indochina, anazungukwa na marafiki wa kumlia fedha, kisha zinakwisha nao wanatoweka. Filamu hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kunifafanulia. Watu wake wanazungumza Kizarma.