Hobbit: Kitabu kimoja, filamu tatu, miayo kibao

Ukweli usemwe, wasee: si lazima uwe umesoma kitabu ndipo uruhusiwe kusema muvi imeboesha.

Ukiilalamikia The Hobbit mbele ya mashabiki sugu, jibu huwa moja tu: hujamsoma Tolkien, huwezi kuelewa. Unanyamaza, unajiona mshamba. Usinyamaze.

Hebu tupige hesabu. J.R.R. Tolkien alichapisha hadithi hiyo ya watoto mwaka wa 1937, kurasa mia tatu hivi. Mwelekezi Peter Jackson akaitolea filamu tatu: 2012, 2013 na 2014. Ukizijumlisha unapata dakika 474, karibu saa nane. Msomaji wa kasi atamaliza kitabu kabla yako.

Tena mpango ulikuwa filamu mbili. Julai 2012, miezi mitano tu kabla ya ya kwanza kutoka, ikatangazwa zitakuwa tatu. Sasa hiyo nafasi ijazwe na nini? Legolas, ambaye hayumo kabisa kwenye kitabu hicho, akaingizwa. Tauriel akabuniwa kwa ajili ya filamu, akapewa na mapenzi juu. Na vita vya mwisho? Kitabuni, Bilbo anagongwa kichwani na jiwe, anazimia, na akiamka mambo yashaisha. Kwenye filamu ya tatu, vita hivyo vinaendelea mpaka unasahau nani anapigana na nani.

Shida si urefu, bana. The Return of the King inapita saa tatu, na ilizoa Oscar 11 mwaka wa 2004, mwelekezi akiwa Jackson huyo huyo. Lakini The Lord of the Rings ni hadithi ya kurasa zaidi ya elfu moja. Nyama ilikuwepo. Huku Hobbit ni supu iliyoongezwa maji: sufuria imejaa, ladha imepotea.

Na ladha ilikuwepo, tusidanganyane. Bilbo na Gollum wakitegeana vitendawili gizani, hakuna aliyeshika simu. Watu wawili, pango moja, maneno tu. Hapo ndipo unagundua hadithi haikuhitaji vishindo vyote vile.

Mbona basi wakaivuta hivyo? Filamu hizo tatu ziliingiza takriban dola bilioni 2.9 kote duniani. Tiketi tatu zinalipa kuliko mbili. Na anayelipa ni wewe: pesa ya tiketi, nauli, au bando lililoisha kabla joka halijaamka.

Kwa hivyo muvi ikikuchosha, sema, na useme ni wapi imekuchosha. Shabiki sugu atanunua tiketi hata wakileta filamu ya nne. Wewe mtazamaji wa kawaida ndiye unayeweza kubaki nyumbani, na hilo ndilo studio inaogopa.