Wagonjwa wafunzwe dawa zao kabla ya kwenda nyumbani

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitalini hupitia madirisha mawili. Kwenye dirisha la malipo huelezwa kila shilingi inayodaiwa. Kwenye dirisha la dawa hukabidhiwa bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3 au 2x1, kisha huitwa mtu wa nyuma yake.

Kwa aliyepewa dawa ya kikohozi ya siku tano, pengine hilo si neno. Lakini wako wagonjwa ambao bahasha hiyo inaweza kuwaangamiza. Hao ni wale wanaougua magonjwa ya homoni, kama vile kisukari na maradhi ya tezi ya shingo, pamoja na wanaougua maradhi ya akili. Wengi wao watatumia dawa kwa miaka mingi, na baadhi yao maisha yao yote. Tena hujiona wamepona kabisa wakati ule ule ambapo dawa inafanya kazi vizuri, wakaiacha.

Mgonjwa wa aina hii akirudishwa hospitalini amezidiwa, aghalabu hukemewa kuwa ni mkaidi. Ni wachache wanaomwuliza alifunzwa nini siku alipotoka. Maoni yangu ni kwamba kumfunza mgonjwa dawa zake ni kazi ya uuguzi sawa na kudunga sindano au kuosha kidonda. Haifai mgonjwa yeyote wa homoni au wa akili kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya mafunzo hayo kutolewa na kuandikwa kwenye faili yake.

Tuchukue kisukari. Binadamu alidungwa insulini kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto ambaye mwili wake haukutengeneza insulini alikuwa akingoja kifo tu. Leo dawa ipo, lakini chupa haijifunzi yenyewe jinsi ya kutumiwa. Mgonjwa sharti aonyeshwe jinsi ya kuvuta kipimo sawasawa, na jinsi ya kubadilisha mahali pa kudunga, kwani akidunga pale pale kila siku nyama hufanya uvimbe na dawa haiingii vizuri. Insulini yenye rangi ya maziwa huviringishwa polepole viganjani kabla ya kuvutwa.

Kisha kuna suala la kuihifadhi. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji, katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Je, anayeishi katika chumba cha mabati Mukuru au Kibera afanyeje? Muuguzi anayejua kazi yake atamweleza kwamba chungu cha udongo kilichotiwa ndani ya kingine, na katikati mchanga uliolowa maji, hupunguza joto. Atamwonya pia asiiweke dirishani penye jua wala karibu na jiko. Maneno hayo hayagharimu chochote, lakini bila kuyasikia mgonjwa atajidunga dawa iliyoharibika na kudhani anajitibu.

Hatari kubwa zaidi ni sukari kushuka. Mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, husikia njaa kali, na mwishowe huchanganyikiwa na kusema ovyo. Katika matatu atadhaniwa mlevi. Ikiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au soda ya kawaida yenye sukari, kisha ale chakula. Ikiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Jamaa wote wa nyumba hiyo wanapaswa kulijua jambo hili kama wanavyojua njia ya kwenda sokoni.

Lipo pia kosa linalofanywa kwa nia njema. Mgonjwa anayetegemea insulini akishikwa na malaria au kutapika, hula kidogo au hali kabisa, naye huiacha insulini akisema hana chakula tumboni. Hapo ndipo sukari hupanda na damu kujaa sumu ya asidi. Insulini ya mgonjwa huyo haikatizwi. Kipimo ndicho kinachoweza kurekebishwa, na kwa ushauri wa daktari au muuguzi. Vivyo hivyo, Mwislamu wa Eastleigh au Mombasa anayetaka kufunga Ramadhani anahitaji kuzungumza na kliniki yake majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Muuguzi asingoje kuulizwa.

Sasa tugeukie maradhi ya akili, ambako kimya huwa kikubwa zaidi. Dawa kama haloperidoli na sindano ya flufenazini zimewawezesha wengi kurudi kazini na kulea watoto wao. Lakini katika siku za mwanzo zinaweza kumfanya mtu akakamae shingo, ulimi uwe mzito, au macho yageuke kutazama juu. Hali hiyo hutibika upesi hospitalini. Jamaa ambao hawakuambiwa hudhani ni uchawi au pepo limezidi, hivyo dawa hutupwa chooni na mgonjwa hupelekwa kwa mganga. Dakika tano za maelezo zingeizuia safari hiyo.

Vidonge vya kutibu huzuni kuu navyo huchukua majuma mawili hadi manne au zaidi kabla nafuu haijaonekana vyema. Asiyeambiwa hivyo atavimeza kwa siku sita, aseme havifai, aache. Mtu aliyekuwa anatafakari kujiua anaporudi katika giza lake kwa sababu hakuambiwa asubiri, hilo si jambo la kuitwa ukaidi.

Nimeyaweka magonjwa haya pamoja kwa sababu hukutana katika mwili mmoja. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alitangaza mwaka 1949 kuwa hutuliza wazimu wa kupandwa na msisimko, inaweza kudhoofisha tezi ya shingo na figo. Anayeitumia anapaswa kupimwa damu mara kwa mara. Akiharisha sana, akipungukiwa na maji mwilini, au akinunua ibuprofeni dukani kwa maumivu ya mgongo, dawa hiyo inaweza kuzidi katika damu na kumtia sumu. Olanzapini nayo huongeza uzito na yaweza kuleta kisukari. Kwa upande mwingine, mtu ambaye tezi yake ya shingo imezorota huwa mchovu, mzito wa mawazo na mwenye huzuni, akafikiriwa kuwa ana ugonjwa wa akili peke yake.

Hata hivyo, mgonjwa wa namna hii hubeba kadi mbili za kliniki mbili, na kila kliniki huangalia kadi yake. Muuguzi wa kisukari anapaswa kuuliza kuhusu dawa za akili, na yule wa akili aulize kuhusu sukari na tezi. Dawa zote ziandikwe katika kitabu kimoja.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na wadi zimejaa. Ni kweli, na serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali nyingi tangu mwaka 2013, hazina budi kuajiri zaidi. Lakini hoja hiyo yenyewe yaunga mkono ninayoyasema. Mgonjwa asiyejua dawa yake hurudi, naye akirudi hukilalia kitanda na kuchukua saa nyingi za muuguzi yule yule ambaye hakuwa na dakika kumi za kumfunza.

Isitoshe, hili si suala la hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu anayoweza kupewa, faida na hatari zake, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Kutaja jina la dawa kwa Kiingereza cha haraka mbele ya nyanya asiyejua kusoma hakutimizi sheria hiyo.

Mafunzo yenyewe yasiwe hotuba. Muuguzi aeleze mambo machache, kisha amwombe mgonjwa amweleze yeye: "Mama, ukifika nyumbani utaitumiaje hii?" Anayetumia sindano ajidunge mbele ya muuguzi. Jamaa mmoja awepo, lakini mgonjwa wa akili asisemewe kana kwamba hayupo. Yeye ndiye atakayemeza dawa hiyo.

Nawe msomaji, usiondoke dirishani kabla hujajibiwa maswali haya: Dawa hii ni ya nini? Nainywa lini, kabla au baada ya chakula? Ni dalili gani zikitokea nirudi mara moja? Nikisahau kipimo kimoja nifanyeje? Naitumia hadi lini, na dawa ikiniishia niende wapi?

Wakuu wa hospitali nao wanaweza kuanza juma hili bila kungoja bajeti. Waongeze mstari mmoja kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa, unaosema amefunzwa dawa zake na ameweza kueleza matumizi yake, na muuguzi atie sahihi. Mstari huo ukiwa mtupu, mgonjwa asitoke wadini.