Njia ya shaba Mweru tusiitembee kwa kusahau

JUMAMOSI moja ya Oktoba tulikusanyika gatini Nchelenge, wachuuzi wa samaki, watu waliorejea makwao na wanafunzi, tukatembea kufuata njia waliyokuwa wakiipanda malori ya madini. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya mekundu na mvua ilikuwa bado. Matembezi yalikuwa mazuri, lakini nilirudi na jambo moyoni, nami naomba nilitoe hapa.

Kwa wasioijua njia hii, ni kwamba kuanzia mwaka 2002 mgodi wa Dikulushi, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa ukitoa shaba na fedha. Madini yalishushwa hadi Kilwa, yakavushwa Ziwa Mweru kwa tishari hadi Nchelenge, kisha yakaendelea kwa barabara kwenda nje. Sisi wauza chisense tuliyapisha malori hayo. Mali ilipita, vumbi likabaki kwetu.

Haikuwa mara ya kwanza. Katika karne ya 19, Msiri aliyetoka Unyamwezi alijenga dola lake Katanga kwa shaba, pembe na watumwa, na mizigo hiyo ilitembea mabegani mwa watu. Baadaye vijana wa Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Wabelgiji, na samaki wa Mweru wakawa kitoweo chao. Ziwa hili halijawahi kuwa ukuta.

Tulipopumzika kivulini, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini wengi wetu tunaongea Kiswahili cha Kongo. Nikaanza kumweleza habari za Kilwa. Mwenzetu mmoja akanikatiza: "Mama, tusiharibu siku. Leo ni matembezi tu."

Hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Oktoba 2004 waasi wachache waliingia Kilwa. Jeshi la Kongo lilipoutwaa tena mji huo, watu zaidi ya 70 waliuawa. Wanajeshi walitumia magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa na mgodi. Yenyewe ilisema ilishurutishwa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji hayo. Lakini Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliiona serikali ya Kongo na hatia, ikataka waathirika wanane walioshitaki walipwe dola milioni 2.5.

Siku zile wengi wetu tulivuka kwa mitumbwi tukiwa na watoto mgongoni. Tulilala kwenye ufuko huu huu tulioutembea tukicheka.

Wapo watakaosema biashara ni ya leo, ya jana tuyaache. Nawaelewa. Anayevuka kila wiki na magunia yake hataki kuonekana mchochezi mbele ya mtu wa forodha. Lakini kusahau hakujampunguzia yeyote ushuru. Kunyamaza ndiko kulikotuzoesha kupisha bila kuuliza na kulipa bila kudai stakabadhi. Mtu asiyejua ni nini kilipita mlangoni kwake atajuaje kuuliza kinachopita leo?

Tena wapo watoto waliozaliwa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018 humu humu wilayani Nchelenge. Hao nao watauliza walifikaje hapa. Wakikosa jibu kwetu, watalipata kwa mtu mwingine, na huenda likawa la chuki.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha. Matembezi haya yawe ya kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na Oktoba 15, siku jeshi lilipoingia Kilwa. Kabla ya kuondoka gatini tusimame kidogo. Aliyefiwa na anayetaka ataje jina la ndugu yake, asiyetaka asilazimishwe. Wazee wasimulie njia, na watoto waachwe waulize.

Kisha tutembee hadi Kashikishi, tukale samaki na kucheka kama kawaida. Kicheko hicho hakitaharibiwa na majina ya marehemu wetu.