Programu ikaguliwe kabla ya kura

Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013 bado una somo. Sava ya matokeo ilikwama, na kosa ndani ya programu likazidisha kura zilizokataliwa mara 8. Skrini za Bomas zikaonyesha zaidi ya 300,000. Fomu zilipojumlishwa kwa mkono, zikawa takriban 108,000.

Karatasi ndizo zilizookoa hesabu. Lakini nchi iliyozika watu zaidi ya 1,000 baada ya uchaguzi wa 2007 haipaswi kujaribiwa hivyo.

Sisi tulio South Beach, Durban, twafuata kura za nyumbani kwa intaneti. Twasema: tume za Afrika Mashariki zijaribu programu mapema, mbele ya mawakala wa vyama. Shaka ikishaingia, maelezo hayaitoi.